Barua kwa mwanangu: kwa nini Luther alisikika

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku nyumbani tu wazima, tunakuombea. Umeniuliza: Jan Hus, padri wa Bohemia (Ucheki ya leo), aliwakemea wakuu wa Kanisa Katoliki miaka mia kabla ya Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, wakamchoma moto mjini Konstanz mwaka 1415. Imekuwaje Luther aseme mengi ya yaleyale, kisha afe kitandani, Ulaya ikiwa imeshagawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti?

Luther alikuwa na mtawala wa Saxony, jimbo lake la Ujerumani, aliyemkingia kifua. Lakini alikuwa pia na wapiga chapa. Hus hakuwa nao, kwani uchapaji wa namna hiyo ulikuwa haujafika Ulaya. Maandishi yake yalinakiliwa kwa mkono.

Baadaye, kule Mainz, mji wa Ujerumani, fundi Johannes Gutenberg alisubu herufi za madini, kila herufi peke yake. Mpangaji aliziokota moja moja, akazipanga kinyume kama zinavyoonekana kwenye kioo. Zikapakwa wino wa mafuta, karatasi ikalazwa juu, mtu akavuta mkono wa shinikizo. Kurasa zikiisha kuchapwa, herufi zilifumuliwa zikatumika tena. Kufikia 1455 Biblia yake ilikuwa tayari, nakala kama 180.

Sasa tulia hapa, maana wengi hupapita. Katika mji huohuo, mwaka 1454 na 1455, zilichapwa hati za rehema, yaani vyeti vya Kanisa vya kusamehewa adhabu ya dhambi, vilivyotolewa kwa malipo, zikiwa na nafasi tupu ya kujaza jina la mnunuzi na tarehe. Ni biashara hiyohiyo aliyoishambulia Luther mwaka 1517! Kanisa liliipokea chapa kwa mikono miwili. Wapiga chapa nao walitafuta kinachouzika, na Luther aliuzika sana: vijitabu vya kurasa chache, kwa Kijerumani cha watu, vyenye bei nafuu. Asiyejua kusoma alisomewa, au aliangalia picha. Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kijerumani lilitoka mjini Wittenberg Septemba 1522. Desemba likachapwa upya. Hata Hus akapata zamu yake: mwaka 1520 kitabu chake juu ya Kanisa kilipigwa chapa Ujerumani.

Usidhani lakini kwamba chapa ilileta nuru tupu. Ndiyo, kitabu cha Copernicus, mnajimu aliyesema dunia huzunguka jua, kilichapwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1543. Ila kitabu cha kuwasaka wachawi kilichotoka miaka ya 1480 nacho kilichapwa tena na tena, na inaniuma kila ninapofikiria wanawake walioteswa na mahakimu waliokuwa nacho mezani.

Ukipata nafasi, niandikie umeonaje.

Baba yako