Kabla ya Kujaza Kabati, Hesabu Moto na Maji

Watu wengi wakisikia neno dharura hukimbilia kujaza kabati: mchele, maharage, makopo, wakaona wamemaliza. Kumbe umeme ukikatika na bomba likakauka, kilo 10 za maharage ni mzigo tu kama hakuna maji ya kuyachemshia wala moto wa kuyaivisha.

Maji kwanza. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo mdogo. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 48: madumu mawili ya lita 20 na jingine la 10. Dumu lililowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa liache, hata ukilisugua vipi. Maji ya mashaka yachemshe mpaka yatokote dakika 1 nzima, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Kwenye gesi, usiamini kutikisa mtungi. Upime kwa mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu, ambao huwa umegongwa au kuandikwa kwenye chuma chenyewe, karibu na mkono wa kubebea. Kinachobaki ndiyo gesi. Jiko la kilowati 2 likiwaka moto wote hula takribani gramu 150 kwa saa, kwa hiyo kilo 3 zinakupa kama saa 20. Ukipika saa mbili kwa siku, hizo ni siku 10. Hapo ndipo unajua kama chakula ulichonunua kinapikika.

Ukiunganisha regyuleta, paka maji yenye povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua gesi jiko likiwa limezimwa, utazame. Mapovu yakivimba, funga. Mara nyingi kosa ni kiduara cha mpira kilichokauka, au mpira wa gesi uliopasuka pale bana inapokaza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, hivyo ikivuja fungua mlango, usitegemee kidirisha cha juu, na usiguse swichi yoyote.

Mkaa ni wa nje. Kuwasha ndani na kufungua dirisha si kinga: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikija, tayari umeivuta.

Kinachookoa gesi kuliko yote ni kapu la kuhifadhi joto, na sijui kwa nini watu hulidharau. Chukua kapu au boksi, tandika blanketi nene chini na pembeni, acha nafasi ya sufuria, kisha andaa mto wa kufunika juu. Wali unatokota dakika 5 jikoni, unahamia kwenye kapu, unaiva kwa saa moja bila moto. Punguza maji kwa robo, maana hakuna mvuke unaopotea. Sufuria iwe na mfuniko unaobana na ijae walau theluthi mbili. Chakula kidogo hupoa kabla hakijaiva. Chini weka taulo lililokunjwa, kwani kitako cha sufuria huyeyusha kitambaa cha nailoni. Na usichungulie! Ukifunua mara moja tu, joto limekwenda.

Maharage mekundu yanataka uangalifu zaidi. Yana sumu ya asili ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale (yanafaa kusukumia choo), kisha yachemshe kwa maji mapya yakitokota kwa nguvu si chini ya dakika 10. Dakika 20 ni bora. Ndipo yaingie kwenye kapu kwa saa tatu hivi. Ukifungua ukakuta chakula ni vuguvugu, kirudishe jikoni kitokote upya kabla ya kukila.

Friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hushika saa 48, iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo pika vya friji kwanza, halafu vya friza, makopo mwisho. Nyama iliyokaa zaidi ya saa 2 juu ya nyuzi 5 itupe, hata kama hainuki. Kopo lililovimba nalo litupe bila kulionja.

Na kifungulia kopo kiwe cha mkono.