Muda wa ziada haumshushii mtoto kiwango

Dada, umeuliza kama mwanao mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutambua maneno, huko Marekani, akipewa muda wa ziada atahesabiwa kafanya mtihani mwepesi. Hapana kabisa. Maswali ni yaleyale, usahihishaji uleule, alama ya kufaulu ileile. Kwenye hesabu anaweza hata kusomewa swali kwa sauti, maana kinachopimwa ni hesabu. Kwenye mtihani wa kusoma ni tofauti: ukimsomea kifungu, hujui tena kama anajua kusoma, ndiyo maana masharti huwa makali hapo.

Ila wakikuambia afanye mtihani mbadala, uliza sana kabla ya kukubali. Ule ni wa watoto wenye ulemavu mkubwa zaidi wa akili, na sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 imeuwekea ukomo wa asilimia 1 ya wanafunzi wanaopimwa katika jimbo. Disleksia peke yake haimfikishi huko!

Iandikie shule ukiomba mtoto afanyiwe tathmini. Kwenye kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu unaoandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu, una haki ya mkalimani bila kulipa. Muda wa ziada uandikwe humo, na autumie pia kwenye majaribio ya darasani, auzoee mapema.