Matanga yakishaanuliwa, nani anabaki na mjane wa askari?

Wakuu, salaam.

Mleta uzi ameuliza jambo ambalo nimeliishi. Askari polisi akiuawa kazini hapa Tanzania tunaona jeneza kwenye taarifa ya habari, viongozi wanatoa pole, halafu kimya. Familia inaishije baada ya hapo, na sisi raia tufanye nini zaidi ya kuandika "apumzike kwa amani"? Wengi mmependekeza ujengwe mnara wenye majina. Mnara nauunga mkono, nitaurudia mbele. Kwanza niwaeleze ilivyokuwa kwetu.

Baba alikuwa koplo. Aliuawa mwaka 2009 akiwa doria ya usiku, majambazi walikuwa wameziba barabara kwa magogo. Mimi nilikuwa na miaka 13, mdogo wangu yuko darasa la tatu, na wa mwisho bado ananyonya. Tuliishi kota, nyumba za askari polisi. Usiku ule nilijua kabla sijaambiwa, kwa sababu wake za askari wa laini yetu walitoka nje karibu wote kwa wakati mmoja na hakuna aliyekuwa anasema neno.

Mazishi yalikuwa ya heshima kweli, sitawanyima haki yao. Bendera juu ya jeneza, kofia yake juu ya bendera, gwaride, tarumbeta. Wenzake walimbeba mabegani kutoka barabarani mpaka shambani kwa babu, njia ya utelezi, na hawakukubali kupokewa na mtu. Picha hiyo ndiyo iliyomsaidia mdogo wangu kukua akijua baba yake alikuwa mtu.

Baada ya arobaini ndipo msiba wa pili ulipoanza, na huo hauna gwaride.

Ilianza na kikao cha ukoo. Ili mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo unatakiwa uwe na muhtasari wa kikao cha familia unaompendekeza msimamizi, pamoja na cheti cha kifo. Kikao kilifanyika kijijini, wanaume saba, na mama amekaa mkekani pembeni. Wakampendekeza baba mdogo. Sisemi alikuwa mtu mbaya, ila hakuwa anajua mtoto gani anadaiwa ada wapi. Mama alinyamaza. Ungekuwa na miaka 34, mjane wa wiki sita, ungesema nini mbele ya wakwe?

Kisha majina. Cheti cha ndoa cha kanisani kilikuwa na jina la ubatizo kwa Kiswahili, kumbukumbu za kazini zilikuwa nalo kwa Kiingereza, yaani kama Yohana na John. Kwa tofauti hiyo mama alirudishwa mara nne. Mara ya kwanza akaambiwa alete hati ya kiapo. Akaleta. Mara ya pili kiapo hakikutaja jina la tatu. Mara ya tatu mhusika yuko likizo. Mara ya nne faili halionekani. Kila safari ilikuwa nauli, na mtoto mgongoni. Kwenye kila dirisha hawakumuuliza marehemu aliitwa nani, walimuuliza namba yake ya kazi. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini namba ile ya baba, ile inayoanza na herufi, anaitamka hata leo ukimwamsha usingizini.

Katikati ya hayo ikaja barua ya kuhama kota. Tulipewa miezi mitatu. Naelewa kwamba nyumba ni ya kazi na kuna askari mwingine mwenye watoto anaisubiri. Lakini mafao yalikuwa bado, kwa hiyo tulihama tukiwa hatuna kitu, tukapanga chumba kimoja, na mimi nikahama shule katikati ya muhula.

Aliyetuokoa ni sajenti mmoja aliyekuwa lindo moja na baba. Hakutumwa na mtu. Alianza kuja kila mwisho wa mwezi, anakaa kwenye kigoda nje, anauliza: "Shemeji, karatasi imefika wapi?" Akamnunulia mama faili la kaki na kumfundisha kuandika tarehe kila alipokwenda, jina la aliyemhudumia na alichoambiwa. Akaenda kijijini kuongea na babu, kwa adabu, wakaitisha kikao upya na safari hii mama akawa msimamizi pamoja na baba mdogo. Akawa anaongozana naye ofisini akiwa amevaa sare, na mambo yaliyochukua miezi yakaanza kuchukua siku. Inaniuma kwamba ilihitajika sare ili mjane asikilizwe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mafao yalitoka baada ya mwaka na miezi mitano.

Kwa hiyo mleta uzi, ukiniuliza mimi, heshima ya kwanza kwa askari aliyeuawa ni kumpa mjane mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, anayewajibika na faili lake mpaka lifungwe. Isiwe hisani ya rafiki wa marehemu, iwe kazi aliyopangiwa na mkuu wake, na aulizwe amefikia wapi.

Mwaka 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilipovamiwa, na mwaka 2016 askari wanne walipouawa pale benki Mbande, Dar es Salaam pia, na Aprili 2017 wanane wakauawa kwa mpigo kule Kibiti, mkoa wa Pwani, wakitoka lindoni, mama alikuwa anazima redio na kukaa kimya. Siku ile ya Kibiti alisema neno moja tu: "Sasa hivi nyumba zao zimejaa watu. Miezi mitatu ikipita ndio watamtafuta mtu wasimwone."

Raia mnaweza kufanya nini? Kama ni jirani, ndani ya siku 30 msaidie mjane kusajili kifo. Toa nakala nyingi za kila hati, za watoto pia. Cheti cha kifo kinadumu na kazi miaka mingi: mdogo wangu alipoomba mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo mwaka 2020, cheti cha baba kilihitajika na kilitakiwa kithibitishwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama wewe ni wakili, kiapo kimoja cha bure ni rambirambi kubwa kuliko gunia la mchele. Kama ni mwalimu, usimrudishe mtoto kwa ada muhula ule wa kwanza. Na kama u mwanaukoo, mjane akae kwenye kiti siku ya kikao, asikae pembeni.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba polisi hawastahili kuliliwa, kwa sababu ya aliyotendewa kituoni. Ndugu yangu, sikupingi hata kidogo. Aliyekupiga ashtakiwe, na kama baba yangu angekuwa amefanya hivyo ningesema ashtakiwe pia. Ila mtoto wa darasa la tatu hakukupiga. Alikuwa anamsubiri mtu aliyeahidi kurudi na daftari.

Sasa mnara. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mama huwasha televisheni na kuangalia mkuki, ngao na shada vikiwekwa. Hutazama mpaka mwisho. Lakini jina la baba hajawahi kuliona limeandikwa popote zaidi ya kaburini na kwenye faili. Mimi ningependa jina liwe kwenye kituo alichofanyia kazi, ukutani pale kaunta, kibao cha mbao tu kinatosha, ili konstebo mgeni akiripoti aulize huyu ni nani na wenyeji wamsimulie. Mnara ukijengwa Dodoma, mama hatafika. Kituoni anapita kila akienda sokoni.

Yule sajenti alistaafu, yuko kwao analima. Faili la kaki mama bado analo. Mwaka jana alimwazima mama mmoja aliyefiwa na mume, askari pia, akae nalo wiki mbili aone barua ipi inatangulia na ipi inafuata. Lilirudi likiwa limeongezwa karatasi moja: orodha ya maswali aliyoulizwa yeye, ambayo sisi hatukuwahi kuulizwa.