Vifaa vya gari la kulala mwambao wa Tanga: hewa kwanza, friji baadaye

Orodha nyingi za vifaa vya gari la kulala zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa na watu wanaokimbia baridi. Utakuta hita ya dizeli, mapazia mazito na sponji ya kuziba kila upenyo. Mtu akizifuata kama zilivyo, kisha akaja kulala ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Pangani, mwezi wa pili, ikifika saa sita usiku atakuwa nje juu ya mkeka na gari lake limebaki kabati la nguo. Kuanzia Tanga mjini kushuka Pangani hadi Saadani, maadui ni joto, mbu, mchanga na chumvi. Pesa ya kwanza iende huko, iwe gari lako ni Hiace, Noah au Alphard.

Hewa na wavu

Hewa haiingii kama haina pa kutokea. Ukifungua dirisha moja tu, hata liwe kubwa kiasi gani, utalala kwenye jasho. Fungua pawili, upande unaopokea upepo na upande wa pili yake. Msimu wa kusi, takribani Aprili hadi Septemba, upepo unatoka kusini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kabla hujazima injini, tazama majani ya minazi yanalala upande gani, ndipo ugeuze gari mlango wa kuburuza uelekee upepo.

Mlango wa nyuma unahitaji ndoano ya kuushikilia ukiwa umeinuka sentimita 10 hivi. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa chuma cha pua akikusubirisha. Itumie kwenye kambi yenye mlinzi; ukilala kituo cha mafuta mjini, funga mlango na utegemee madirisha ya mbele yaliyoshushwa vidole viwili.

Wavu usinunue wa kufunika gari zima. Shona wa kila dirisha: pima kioo, ongeza sentimita 5 kila upande, kisha pindia pembeni sumaku ndogo kila baada ya sentimita 10. Wavu ukae nje ya kioo, unase kwenye bati la mlango. Chagua sumaku zilizofunikwa plastiki, kwa sababu zilizo uchi zikipata hewa ya bahari huota kutu na kuchora mistari ya kahawia kwenye rangi ya gari. Mahali penye plastiki sumaku hainasi, hapo weka velkro.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni usubi, wadudu wadogo sana wanaouma. Karibu na mikoko, kwa mfano pembezoni mwa mto Pangani, jioni na alfajiri wanapita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida kama hakipo. Kuna wavu wenye matundu madogo zaidi, lakini unapunguza upepo. Kinga bora ni feni ya volti 12: usubi ni dhaifu, hawezi kuruka penye upepo. Feni ya kipenyo cha sentimita 20 inakula chini ya ampea 1, ikae miguuni ikipuliza kuelekea kichwani usiku kucha. Dawa ya mbu ya kuchoma iwashwe nje tu. Ndani inajaza moshi, na kipande kikidondoka kwenye godoro la sponji hamtakuwa na muda wa kutafuta funguo.

Kivuli

Kizuia jua cha rangi ya fedha kikiwekwa ndani ya kioo, joto limeshaingia. Kiweke nje, ukibane kwa milango. Juu ya paa funga turubai la mita 3 kwa 4, uache nafasi ya sentimita 15 kati yake na bati ili hewa ipite; likigusa bati litapeleka joto moja kwa moja ndani.

Vigingi vyembamba vinavyouzwa na mahema havishiki mchanga. Jaza mchanga kwenye kiroba, kifunge kamba katikati, kizike nusu mita kwenda chini, kisha kanyagia. Na kamba za katani, pamoja na kwamba huku ndiko kwenye mkonge, zina tabia yake: zikilowa hufupika. Umekaza vizuri saa moja jioni, umande ukashuka, alfajiri kigingi kimeng'oka au turubai limechanika pembeni. Legeza kabla ya kulala, au tumia nailoni.

Usiegeshe chini ya mnazi. Hata usio na nazi unaangusha makuti, na kuti kavu linavunja kioo. Tafuta mkungu au mwembe.

Umeme: waya kabla ya betri

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua friji nzuri, anaichomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara, usiku inazima, anasema betri mbovu. Anabadilisha betri, inazima tena. Kosa ni waya. Waya wa soketi ile mara nyingi ni wa milimita 1.5 za mraba, na ukienda mita 6 hadi nyuma ya gari, friji ya ampea 5 inapoteza karibu volti 0.7 njiani. Kompresa inapotaka kuwaka inavuta zaidi, volti zinaanguka, friji inadhani betri imeisha na kujizima ili kuilinda. Peleka waya wake pekee wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka betri ya pili (ile ya vifaa vya ndani, si ya kuwashia injini), wenye fyuzi ya ampea 15. Upotevu utabaki kama volti 0.2.

Hesabu ya matumizi ni rahisi. Friji ya lita 40 inakula wati 45 hivi ikiwa imewaka. Kwa joto la pwani chukulia inawaka nusu ya siku: wati 45 mara saa 12 ni wati-saa 540, sawa na ampea-saa 45. Ongeza feni, taa na simu, unafika 60. Betri ya sola ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema, kwa hiyo haikufikishi hata siku nzima. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ukubwa huohuo inakupa 80 bila taabu, na ni nyepesi zaidi ya nusu. Ni ghali, lakini asiyetaka kuinunua ni afadhali aache friji kabisa atumie sanduku la barafu. Barafu ya samaki inapatikana penye soko la wavuvi. Kipande kikubwa kinadumu kuliko vipande vidogo, na maji yakiyeyuka usiyamwage mapema, bado yanapooza.

Sola ya wati 200 juu ya paa, ukikata hasara za joto na kulala bapa, inaleta kama wati-saa 700 siku ya jua. Siku za masika tegemea nusu au chini. Angalia na kivuli: tawi moja likifunika kona ya paneli, uzalishaji unaanguka kuliko eneo lenyewe lililofunikwa. Ndiyo maana paneli ya kukunja, inayowekwa juani wakati gari liko kivulini, ina faida kubwa huku, mradi uifunge kwa mnyororo.

Kuchaji betri ya pili kutoka kwenye alteneta, fundi waya wengi watakufungia rilei tu, yaani swichi inayounganisha betri mbili. Kwa betri ya asidi inatosha. Kwa lithiamu usikubali: inavuta umeme mwingi kwa muda mrefu, na alteneta inapata moto hadi kuungua, hasa injini ikiwa inanguruma gari limesimama. Funga chaja ya betri kwa betri ya ampea 20 au 30. Waya wake usipungue milimita 16 za mraba. Kwa umbali wa mita 4, ampea 30 zikipita kwenye waya wa milimita 4 unapoteza volti nzima. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kila betri, maana waya huo una umeme ncha zote mbili. Mkaguzi wako wa mwisho ni kiganja: baada ya nusu saa ya safari shika kila kiungo, kinachochoma hakikubanwa sawasawa.

Inveta, ya kugeuza volti 12 kuwa umeme wa nyumbani? Kama ni kwa ajili ya kuchaji simu, huihitaji. Weka soketi za USB za volti 12.

Jiko

Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ndio rahisi kupata, na gesi yake unabadilisha hadi vijijini. Una matatizo mawili. Sufuria ikikaa juu unakuwa mrefu na unayumba, hivyo uchimbie mchangani sentimita 5 au uweke kwenye beseni pana. La pili ni upepo. Kinga ya bati iwekwe upande mmoja tu. Ukizungusha bati pande zote, joto linarudi kwenye mtungi na presha inapanda. Ukiweza, tumia jiko la mezani na regulata yenye mpira wa mita 1.5. Kila ukifunga mtungi upya, pakaza povu la sabuni kwenye viungo: likitoa mapovu, gesi inavuja. Pua si kipimo cha kuaminika.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Sanduku la mtungi liwe na tundu chini linalotokea nje ya gari, si juu.

Sigiri ya mkaa isiingie ndani hata ikiwa imebaki majivu ya moto. Mkaa unaofifia hauna moshi wala harufu, na ndio unaotoa kaboni monoksaidi. Kengele ya kuinasa ni ndogo kama kiganja, ifunge usawa wa kichwa cha aliyelala. Zimamoto ya unga iwe karibu na mlango, si chini ya kitanda. Askari wa barabarani wataiulizia pia.

Mchanga na maji ya bahari

Hiace na Noah nyingi zinasukumwa na magurudumu mawili. Kifaa kinachoziokoa ni kipimo cha upepo wa matairi, si winchi. Shusha matairi kutoka psi 35 hadi 20, usiende chini ya 15 kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Endesha polepole, usipige breki ghafla. Gari likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta mara moja. Kila mzunguko unaoongeza unachimba. Fukua mbele ya magurudumu yanayosukuma kwa koleo fupi, ingiza mbao za mchanga, toka kwa gia ya pili.

Kompresa ya kujazia matairi ichomekwe kwenye vichwa vya betri. Ile ya nguvu inavuta zaidi ya ampea 15 na itaunguza fyuzi ya soketi. Jeki nayo iende na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa 3, vinginevyo itazama yenyewe na kuliacha gari pale pale.

Halafu kuna bamvua, maji makubwa ya bahari. Mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kupwa zaidi ya mita 3, na hujaa kwenye saa kumi alasiri na tena saa kumi alfajiri, wakati umelala fofofo. Ufukwe uliokuwa uwanja wa mpira jioni unakuwa bahari. Tafuta mstari wa mwani mkavu na takataka ulio juu kabisa, kisha egesha juu yake kwenye ardhi yenye majani. Muulize mvuvi yeyote bamvua ni lini au kama ni maji mafu, yasiyopanda sana, atakujibu bila kutazama simu.

Mengine kwa ufupi

Maji: lita 10 kwa mtu kwa siku, nusu ya kunywa na kupikia. Dumu la lita 20 lenye koki chini ni bora kuliko pampu ya kuchaji, na liwe la rangi, maana jeupe huota ukijani. Lifunge chini karibu na ekseli. Choo: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana na kiroba cha maranda ya mbao, kikombe kimoja cha maranda kila baada ya matumizi.

Chini ya godoro weka mbao zenye nafasi kati yake na mkeka wa ukindu, si plaiwudi tupu. Jasho na umande hukusanyika hapo na godoro linaota ukungu wiki ya kwanza. Ukipanda Lushoto mwezi wa sita utahitaji blanketi la kweli, na hata huko usizibe madirisha yote: vioo vitatoa maji hadi yachuruzike.

Kwenye hifadhi za Saadani na Amani hulali popote unapopenda, ni kwenye maeneo yaliyopangwa na kwa kulipia. Sanduku la chakula liwe la kufunga kwa kitasa. Ngedere anafungua zipu, na machungwa ya Muheza uliyonunua njiani usilale nayo ndani Saadani, tembo ananusa.

Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo: ndani ya matao ya magurudumu, springi, bawaba za milango, reli ya mlango wa kuburuza. Reli hiyo ifagie kwa brashi kavu kabla ya maji, kwani mchanga ukilowa unaganda na kula roda. Vichwa vya betri vipakwe grisi baada ya kukazwa, si kabla, na viunganisho vya sola juu ya paa vivute uone kama ndani kuna rangi ya kijani. Ikiwepo, kata upachike kipya, kusugua hakusaidii.