Bibi ananicheka kwa safari yangu ya umisheni

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Minneapolis na nasomea uuguzi. Wazazi wangu ni wa Marangu. Tulihamia Marekani nikiwa darasa la tatu. Juni mwaka huu usharika wetu unapeleka vijana 12 Arusha kwa wiki mbili, kuhudumu katika kituo cha watoto yatima. Ni safari yangu ya kwanza ya umisheni, na katika kundi zima mimi peke yangu ndiye ninayejua Kiswahili. Kila mmoja anatakiwa apate dola 3,500. Nimekuwa nikiuza maandazi na sambusa baada ya ibada, na sasa zimebaki kidogo tu kutimia. Tumeambiwa tuandae ushuhuda na michezo, na kila mtu abebe begi moja la zawadi.

Nimeiombea safari hii tangu nilipokuwa mafundisho ya kipaimara. Juzi nikampigia bibi Marangu kumpa habari njema. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mjukuu wangu, unalipa nauli ya ndege uje ubebe watoto wa watu Arusha, na hawa wa marehemu shangazi yako ninaokaa nao hapa hujawahi kuniuliza hata wanaitwa nani?" Tangu siku hiyo sina amani. Je, huu ni wito au ni utalii? Na nikifika nifanye nini hasa?

Binti wa Minneapolis

JIBU

Marahaba mwanangu. Bibi yako amesema kwa pumzi moja jambo ambalo sisi watu wa ustawi wa jamii hulifanyia semina ya siku tatu, pamoja na chai na posho. Nitarudi kwake. Kwanza acha nikueleze siku ya wageni inavyokuwa kwa upande wa ndani, maana kabla sijasomea ustawi nilikuwa mama mlezi kwenye vituo mkoani Arusha.

Wageni wakitarajiwa saa nne asubuhi, akina mama wanaamka saa kumi. Mashuka yaliyokojolewa usiku yanahamishiwa kamba ya nyuma ya jiko yasionekane. Zinatolewa nguo za wageni, zile zinazofungiwa kwenye kabati la ofisi na ambazo jioni zitavuliwa, zitafuliwa na kurudishwa humo humo. Watoto wanakunywa uji haraka haraka, wanapakwa mafuta, wanapangwa getini kuimba. Kosta inaingia. Mlango haujafunguka vizuri, mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kukuona amekurukia shingoni na anakuita mama.

Wenzako watalia hapo. Wataandika nyumbani kwamba hawajawahi kuona upendo wa namna hiyo. Lakini wewe umekulia kwenye familia ya Kichaga, unajua mtoto wa miaka mitatu aliyetulia kwao hufanya nini akiona mgeni: anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anachungulia, na ukimsogelea analia. Mtoto anayemkumbatia kila anayeshuka kwenye gari hana mtu ambaye amejua kwa hakika kuwa ni wake. Watafiti waliokwenda Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wanalelewa vituoni, nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi. Waliopata familia waliwazidi wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kumshika mlezi mmoja na kumtegemea. Ukimsimulia mama mlezi yeyote wa Arusha habari hizo atakujibu kwamba kumbe wazungu wametumia miaka yote hiyo kugundua hilo.

Halafu kosta inaondoka. Nyie mko njiani kwenda Ngorongoro kumalizia safari, nasi tuna usiku. Kulikuwa na kijana mmoja wa miaka mitano aliyezoeana na dada mmoja mgeni kwa siku kumi: anambeba, anamlisha, anamwimbia akilala. Dada alipoondoka, mtoto alishinda getini, na kila gari likipiga honi anasimama. Ugali hataki. Kitanda, ambacho alikuwa ameacha kukikojolea, akaanza tena. Dada yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na upendo mwingi na tiketi ya kurudi, na hivyo viwili mtoto wa miaka mitano hawezi kuvipatanisha.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza: watoto wadogo usiwabebe wala usiwalishe, hata wakikung'ang'ania. Mwache mama mlezi amshike mtoto, wewe shika beseni la nguo. Ukikaa kwenye karo ukafua, ukapiga deki, ukachambua maharage, umempa mama huyo nafasi ya kukaa na mtoto kwa saa mbili bila kukimbizana na kazi. Hakuna atakayekupiga picha ukifua mashuka, na kwangu mimi hiyo ni sehemu ya uzuri wake.

Sasa hiyo Juni yenu. Juni Tanzania shule zimefungwa, ni likizo ya katikati ya mwaka. Mtoto wa kituoni mwenye bibi, mjomba au mama, huo ndio wakati wa kwenda kwao akalale huko, akatambulike na binamu zake, akajue shamba la ukoo lilipo. Ukoo humzoea mtoto kidogo kidogo kupitia likizo kama hizo, na siku ya kurudi moja kwa moja haiwi kishindo. Nimeona, tena zaidi ya mara moja, watoto wamefungasha vifurushi vyao tayari kwenda likizo halafu wanaambiwa wasubiri kwa sababu wageni wanakuja, na wageni wakikuta kituo kitupu hawatachangia. Ungewaona walivyofungua vile vifurushi! Mwambie mchungaji wako aandike barua kwa kituo: mtoto yeyote mwenye pa kwenda aende, tutafurahi tukikuta vitanda vitupu. Barua hiyo peke yake ni umisheni.

Utaniuliza, yatima anakwenda kwao wapi? Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilichapisha ripoti iliyosema angalau watoto wanne kati ya watano walioko vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kwetu hali haijawa tofauti sana na hiyo, kwa ninavyoijua kazi yangu. Vituo vingi vilianzishwa ukimwi ulipokuwa unafagia nyumba nzima nzima. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na ilipita miaka ishirini kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure hospitalini. Leo mama mwenye virusi anameza dawa zake, anauza ndizi sokoni, anaishi. Kinachomleta mtoto kituoni siku hizi mara nyingi ni umaskini. Ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha shuleni bado viko mgongoni mwa mzazi, na kituo kinatoa vyote hivyo pamoja na shule ya Kiingereza. Mjane mwenye watoto wanne anapiga hesabu, anampeleka mmoja. Ungekuwa wewe?

Ndiyo maana mstari wenu wa safari, maana najua mmeuandika kwenye fulana, ule wa Yakobo 1:27, nauomba muusome wote. Unasema "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Wajane wamo mle mle kwenye mstari na yatima. Makundi yanayokuja huwaona watoto tu, mama zao wako ng'ambo ya barabara na meza ya nyanya. Wenzetu Kenya wamejiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka vituoni kwenda kwenye familia. Rwanda walianza kazi hiyo mwaka 2012. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kiwe na leseni, na mtoto aingie kwa mkono wa ustawi wa jamii au mahakama. Kuletwa tu mkononi na jirani hakutoshi. Sheria ni nzuri, ila afisa ustawi mmoja mwenye kata nyingi na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kufika kila geti.

Hapo ndipo Kiswahili chako kinapokuwa mali. Mwenyeji wenu atawaambia kwa Kiingereza kwamba huyu hana mtu duniani, na mtoto huyo huyo atakwambia wewe chini kwa chini kwamba mama yake yuko Ngaramtoni na ana mdogo wake mchanga. Usiruke kumbishia mwenyeji mbele ya watu, wala usimwahidi mtoto chochote. Sikiliza, kisha siku ya pili muulize msimamizi kwa adabu kama mtoto yule ana jalada, na kama afisa ustawi anajua ndugu zake walipo. Msimamizi mwema atafurahi kuulizwa. Akianza kukukwepa nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ukawaambie ulichosikia. Ukisikia mtoto anapigwa au anachezewa, usingoje asubuhi, piga 116, ni simu ya watoto na haina malipo.

Mabegi ya zawadi naomba niyapitie haraka. Nguo zilizovaliwa msibebe. Meli nzima za nguo za Marekani zimeshatutangulia, ziko soko la Kilombero hapa Arusha kwa bei poa. Pipi hapana, sisi ndio tunaokesha na meno. Kiatu cha shule kinachomtosha mtoto hakipimwi kutoka Minneapolis, kwa hiyo njooni na fedha mnunue hapa hapa, na fundi wa sare wa mtaani apate riziki. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, msije mkaacha zawadi uwanja wa ndege.

Picha za nyuso za watoto usiziweke mtandaoni. Wewe kama mwanafunzi wa uuguzi unajua picha ya mgonjwa haipigwi bila ruhusa. Mtoto wa kituoni naye ana siri zake, na siku moja atakuwa mtu mzima mwenye simu.

Kuhusu ushuhuda, toa, ila mfupi, na uwape watu wazima kwanza. Watoto wa vituoni wameshasikia shuhuda za kila lafudhi na wanajua pa kusema amina. Akina mama walezi hawaulizwi kitu. Keti nao usiku watoto wakishalala, waulize wao Mungu amewapitisha wapi, na wasipotaka kusema, kunyweni chai.

Wito au utalii? Sioni kwa nini uchague moja. Umetoka jasho kwa maandazi, umeomba miaka, na Mungu hawezi kushindwa kukutumia kwa sababu tu tiketi yako ina siku ya kurudi. Lakini yatima ambao Bwana amekukabidhi kwa jina wako Marangu. Bibi yako anafanya kazi ambayo kituo chenye wafanyakazi, jenereta na tovuti kinashindwa kuifanya: amewaweka watoto wa marehemu mwanawe ndani ya ukoo wao, wanakula ndizi za kihamba chao, shamba la ukoo. Na hakuna usharika wa ng'ambo uliowahi kumletea begi. Ongeza wiki moja kwenye safari. Kundi likiondoka, panda kosta hadi Moshi, pale stendi chukua gari la Marangu Mtoni. Kabla ya hapo mpigie leo, umwombe radhi, uulize wale watoto wanaitwa nani, wako darasa la ngapi, na nani anaumwa. Kwao huhitaji kuogopa kuzoewa, maana wewe ni dada yao na utaendelea kuwa dada yao ukiwa Minneapolis. Dola hamsini za kila mwezi zinazotumwa kwa simu bila kukosa zitamsaidia bibi kuliko begi lolote. Kama baba na mama yako walikuwa wanatuma bila wewe kujua, jiunge nao.

Kabla hujamalizia malipo, mwombe mchungaji aulize kituo mambo haya. Leseni yenu inaisha lini? Mwaka jana watoto wangapi walirudi kwa ndugu zao? Wageni mnawataka walete cheti cha polisi cha tabia njema? Kituo kinachomruhusu mtu yeyote aliyepanda ndege kulala jirani na watoto bila kuuliza yeye ni nani, mimi nisingempeleka hata kuku wangu. Waulizeni wenyeji pia utaratibu wa Uhamiaji, kwa kuwa viza ya utalii si ya kazi za kujitolea, na kama umeshachukua uraia wa Marekani hilo linakuhusu na wewe, hata uwe na Kichaga cha namna gani.

Jingine ni la kiuguzi, nawe utalielewa upesi. Watoto wetu waliokulia ng'ambo hujiona wenyeji, wanakataa dawa za kuzuia malaria wakisema wamezaliwa huku. Kinga ya utotoni ilishaisha siku nyingi. Meza dawa, lala kwenye chandarua. Na Juni huku ni baridi kweli kweli. Waambie hao wenzako wanaofungasha kaptula kwa sababu wanakuja Afrika wabebe sweta.