Mwili hauna haraka, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo, baba yako na magoti yake ni yale yale. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza jikoni, kisha nikapanda nayo darini nikaisikiliza tena, maana sikutaka mtu mwingine aisikie. Umeniuliza: "Mama, nikienda kuongeza matiti, utanionea haya?"

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, nani atambeba mtoto?

Yule mdogo bado anataka mgongo kutwa. Ukitoka kwenye upasuaji huo hunyanyui kitu kizito wiki nne mpaka sita: si mtoto, si ndoo, si mtungi wa gesi. Usiku unalala chali, mito imekuinua mgongo. Sidiria ya kubana unaivaa usiku na mchana mpaka daktari akwambie basi. Siku za mwanzo hata kuinua mkono uchane nywele ni kazi, na maumivu huzidi kama mfuko wa silikoni, ule unaotiwa ndani kukuza titi, umewekwa chini ya msuli wa kifua. Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki moja hivi, na hapo ndipo mtu hujidanganya. Anaketi, anaandika, anadhani amepona. Miaka yangu yote wodini, waliokuwa wakinirudia na nyuzi zimefumuka ni wale walioona nafuu wakaenda kufua. Mwili hauna haraka. Nilikwambia hivyo ulipovunjika mkono kwenye ngazi za bibi yako kule Langoni, na kila ulipojifungua arobaini yako niliisimamia mwenyewe, hukugusa hata ufagio. Na kioo usikiamini mapema. Uvimbe hushuka polepole, umbo lenyewe hutulia baada ya miezi.

Sasa hili la haya. Mimi nataka kujua nani alikutia neno hili moyoni, na nadhani namjua.

Siku ya kupambwa kwako, hina ilikuwa mbichi mpaka viwikoni, umenyoosha mikono mbele usiguse kitu. Akaja yule shangazi ya baba yako, sina haja ya kumtaja, na bonge la pamba. Akakufungua kifua cha gauni mbele ya wanawake wote akaanza kukujaza, huku anasema, "Kifua cha mvulana hiki, bwana harusi atashika nini?" Watu wakacheka. Nawe huwezi kujifunika, mikono imelowa hina. Hukulia. Ulitazama ukutani tu, na mimi nikakuona ulivyotazama. Nikaitoa ile pamba kipande kimoja kimoja, nikamtia mkononi nikamwambia, "Hii peleka kwako." Tangu hapo nyumba yake naingia kwa msiba tu. Wallahi nikikumbuka alivyobaki na pamba yake mkononi, mpaka leo roho yangu inaburudika.

Wewe sikukuonea haya siku ile, niliwaonea wale waliocheka.

Kwa hiyo kama ni kwa neno la yule mwanamke, ningekwambia acha leo hii. Lakini wewe unasema sivyo. Unasema umenyonyesha watoto watatu, kifua kimekwisha, na nguo zako mwenyewe huzipendi tena. Hilo ni jambo jingine, siwezi kulikataa. Halafu najiuliza: si mimi niliyekupeleka Mombasa ukatiwa waya wa meno? Sikuuliza sheikh siku ile. Lakini waya ulitolewa, na meno hayakukatwa na kisu. Hapana, si sawa. Ingawa ulilia kwa meno yale kama unavyolia sasa. La kubadili umbile la Mungu muulize mwenye elimu ya dini, kuna tofauti kati ya kurudisha kilichoharibiwa na maradhi na kutafuta urembo, na mimi ni muuguzi tu.

La uuguzi nitalisema. Mifuko ile si ya maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inasema mpaka asilimia 20 ya wanaoongeza matiti huja kutolewa mifuko yao ndani ya miaka 8 hadi 10. Kovu linaloizunguka huweza kukaza, titi likawa gumu na kuuma. Mfuko wa silikoni huweza kupasuka kimyakimya usijue, ndiyo maana hushauriwa picha ya MRI au ultrasaundi baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3. Basi unapohesabu pesa, hesabu na kisu cha pili. Kama wa nne yumo akilini mwako, mwambie daktari kabla hajachagua pa kukata, maana akikata kwenye duara la chuchu, maziwa yanaweza kupungua. Na kadi yenye jina na namba ya mfuko usiondoke bila kupewa. Mwaka 2010 huko Ufaransa kampuni ya PIP, iliyokuwa ikitengeneza mifuko hii, iligundulika inaijaza silikoni ya viwandani, na wanawake wa nchi nyingi wakabaki wanaulizana nini kimo vifuani mwao.

Sijasema nenda, sijasema usiende. Neno lenyewe liko ulimini na linanichoma, lakini nimeapa kulimeza, kwa sababu nikilitamka utalifuata, halafu utakuwa umeamuliwa.

Ukienda, usije kupona huku. Kusi ikivuma boti ya Mokowe hurushwa, na ngazi zetu unazijua. Nitakuja mimi, mumeo anitengee godoro chumbani mwako, yeye na watoto walale sebuleni. Baba yako simwambii kitu, hilo ni lako. Jina la huyo daktari nitumie leo, nimtafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari kabla hujatoa hata shilingi.

Mama yako