Mashine ya kunyonya paneli: majibu ya maswali yenu, kuanzia geji mpaka ule mlio mnaoukatia waya

Haya jamani, maswali yamejaa kwenye simu nikaona niyajibu kwa pamoja. Tangu maghala ya kujengwa kwa paneli, yale mabamba makubwa ya ukuta na paa, yaanze kuota huku Namanve, Kapeeka na Mbale, kila fundi siku hizi anakutana na hii mashine ya vikombe vya raba na pampu, inaning'inia kwenye kulabu ya kreni, inainyonya paneli na kuipandisha. Wengine mnaiita vakyumu, wengine sakisheni, mimi nitaita lifta tu. Nimefanya nayo kazi miaka mingi, vidole vyote kumi bado ninavyo, basi tuendelee.

Mzee, pampu ikizima paneli ikiwa juu, inadondoka pale pale? Jenereta yetu inazima ovyo. (Fundi wa paneli, Namanve)

Kama lifta ni nzima, haidondoki pale pale. Watu wanadhani pampu ndo inashika paneli, kumbe kazi ya pampu ni kutoa hewa ndani ya kikombe tu, anayeshika ni hewa ya nje ambayo inakigandamiza kikombe kwenye paneli kwa sababu ndani hakuna kitu cha kuisukuma irudi. Pampu ikizima, kuna vali inayopitisha hewa upande mmoja inajifunga hewa isirudi ndani, alafu kuna tangi la akiba linaloshikilia ule utupu. Standadi ya Ulaya, EN 13155, inataka lifta iendelee kushika mzigo dakika 5 baada ya nguvu kukatika, na kwa kazi za saiti inataka akiba mbili zinazojitegemea, kila moja na vali yake, au kitu cha pili cha kushika mzigo kama mnyororo au mkanda. Kwa hiyo nenda kaangalie hosi zako, zinatakiwa zigawanyike makundi mawili, kundi moja likivuja lingine libaki limeshika.

Lakini hizo dakika 5 usizipigie hesabu ya kumalizia skrubu mbili zilizobaki. Nguvu imekatika, shusha paneli chini, watu wote watoke pembeni, mambo ya jenereta yafuate baadaye. Na hiyo vali uijaribu kila asubuhi kabla ya kazi: nyonya paneli safi iliyolala chini, zima pampu, kaa na saa yako uangalie sindano ya geji, kile kipimo kinachoonyesha utupu ndani ya vikombe. Kuna vitabu vya mashine vinavyoruhusu sindano ishuke kPa 17 tu (kPa ni kipimo cha msukumo wa hewa) ndani ya dakika 10, cha mashine yako kitakuwa na namba yake, isome. Ikishuka zaidi, lifta hiyo leo haipandi juu, uitafute kwanza hewa inapoingilia. Pakaa maji ya sabuni kwenye kiungo kimoja kimoja cha hosi, sindano ikitulia kidogo ukipakaa mahali, ndo hapo hapo.

Hii lifta ilikuwa Kampala mwaka mzima haina shida, tumeileta Kabale geji inagoma kufika kijani, inasimama mpakani. Bosi anasema imeharibiwa njiani kwenye lori. (Fomani, Kabale)

Fomani, hili swali nimelipenda sana maana limetuangusha wengi, na dereva wa lori huenda ameonewa bure.

Nimesema hapo juu hewa ya nje ndo inashika. Sasa hewa ya Kabale ni nyepesi kuliko ya Kampala. Ufukweni Mombasa hewa inasukuma kama kPa 101. Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, inabaki kama 88. Kabale mko karibu mita 1,900, mnapata kama 80 tu. Chukua pampu iliyochoka kidogo, inayotoa robo tatu ya hewa iliyopo: Kampala itafika 66 kwenye geji, na kama kijani, ile sehemu salama ya geji, kinaanzia 60 utaona mambo safi. Ipandishe Kabale, robo tatu ya 80 ni 60. Sindano inaganda mpakani, hivyo hivyo unavyosema. Yaani ile pampu ilikuwa imeanza kuchoka toka Kampala, ila Kampala ilikuwa inaificha.

Cha kufanya: safisha filta, angalia raba na hosi, alafu pampu ifanyiwe sevisi, mara nyingi ni zile bapa za ndani zimeisha. Pampu nzima ingefika karibu 68 hapo mlipo. Ata ikifika, fungua kitabu uone mwinuko wa mwisho, kuna lifta zimeandikwa mwisho ni mita 1,800 na kitu, na hiyo ikiwa ni ya kwenu basi kwa Kabale mngeuliza kiwanda kwanza, uzito wa kubeba utapungua. Msije mkaichokonoa ile alamu inayolia utupu ukishuka ikubali 50 eti kwa sababu "huku ni milimani". Hewa kidogo maana yake nguvu kidogo, alamu iko sahihi.

Kibao cha lifta kimeandikwa kilo 500. Paneli ya kilo 400 tunaweza kuisimamisha wima? (Opereta, Jinja)

Inategemea kilo 500 za namna gani. Kikombe kikishika paneli iliyolala, hewa inaizuia isidondoke moja kwa moja. Ukiisimamisha wima, paneli inataka kuteleza kwenda chini, kinachoizuia ni msuguano wa raba na bati tu, na msuguano ni mchoyo.

Tupige hesabu. Kikombe cha upana wa sentimita 30, geji ikiwa 60, kinavuta kama kilo 430. Kwa usalama unagawa kwa mbili, inabaki 215. Ukisimamisha wima pakiwa pakavu, msuguano nao unachukua kama nusu, umebaki na kilo 107 hivi. Vikombe vinne, 430. Na hapo ni pakavu na pasafi! Pakiwa na unyevu ule msuguano unaweza kuanguka mpaka sehemu ndogo tu ya huo. Lifta ya maana ina namba mbili kwenye kibao, ya kulala na ya wima, yenye namba moja muulize aliyeiuza hiyo namba ni ya upande gani kabla hujainua chochote. Na opereta wa kreni akumbuke uzito wa lifta yenyewe nao uko kwenye kulabu, nimeona mtu anapiga hesabu ya paneli peke yake wakati chuma kinachoishika nacho kina kilo mia na kitu.

Ile nailoni inayokuja juu ya paneli tuitoe kabla ya kunyonya au baada? Mteja hataki mikwaruzo. (Dada wa saiti, Entebbe)

Toa dada yangu, angalau pale vikombe vinapokaa. Kikombe kinashika nailoni, nailoni imeshikwa na gundi dhaifu iliyotengenezwa makusudi ili ibanduke kwa kidole, sasa unategemea nini? Geji itakuonyesha kijani kabisa na paneli itateleza ukiiangalia. Nimeliona kwa macho, asubuhi moja ya mwezi wa nne, nailoni bado ipo na umande juu yake, paneli ya mita sita ikashuka kama mtoto kwenye bembea la kuteleza. Aliyekuwa chini alikuwa ameenda kununua chapati, ndo maana naihadithia nikiwa nacheka. Chana nailoni mahali pa vikombe, futa kwa kitambaa kikavu, kwingine acha mteja afurahi.

Naweza kukata raba ya kikombe kwenye tyubu ya lori? Ya kampuni bei yake banange! (Fundi, Katwe)

Najua Katwe mnatengeneza kila kitu na nawaheshimu, kuna mashine yangu ingekufa zamani bila nyie. Ila hii hapana. Raba ya kikombe ina ulaini wake na ule mdomo mwembamba unaojilaza kwenye bati, tyubu haijilazi hivyo, na huna namna ya kujua msuguano wake ni kiasi gani, kwa hiyo ile namba ya kwenye kibao imekufa, unabeba kwa imani.

Badala yake zitunze zikae muda mrefu. Zinazoziua ni jua, petroli na kulaliwa. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, petroli na thina zinaifanya raba ivimbe alafu ipasuke. Usiiache lifta imelalia vikombe vyake usiku kucha, ina stendi, na kama haina basi hiyo stendi ndo mtutengenezee hapo Katwe. Kila asubuhi pitisha kidole kuzunguka mdomo wote, ukigusa mpasuko, mkato au mahali pamekuwa pagumu kama soli ya kiatu, badilisha. Na vumbi letu hili jekundu la murram linaingia kwenye filta haraka sana, kiangazi mimi naifungua kila siku.

Alamu ya lifta yetu inalia kila saa, opereta amekata waya tufanye kazi kwa amani. Kuna shida? (Hakusema yuko wapi, na namuelewa)

Kuna shida ssebo, na wewe unaijua ndo maana hukuandika saiti. Alamu inalia kwa sababu utupu unashuka. Mngekata waya wa kengele ya moto hospitalini pia? Rudisha waya leo. Alafu tafuta kwa nini inalia: raba, hosi, filta, betri, au paneli yenyewe inapitisha hewa. Kuna bodi za simenti na zege jepesi zinavuja hewa katikati ya mwili wake, pampu inakimbia bila kupumzika, hizo zinataka lifta ya aina nyingine yenye pampu ya kuvuta hewa nyingi. Mpaka ijulikane, hakuna kuinua.

Paneli za sandwichi zinabanduka bati la juu tukinyonya. Ni nguvu imezidi? (Fundi wa kolidirumu, vyumba vya baridi, Masaka)

Mara nyingi ni gundi. Kumbuka unashika bati la nusu milimita hivi, na hilo bati ndo limebeba povu na bati la pili kwa gundi peke yake. Paneli ikikaa juani wiki tatu imerundikwa vibaya, au ikitoka kiwandani na gundi imekosa mahali, bati linainuka na povu linabaki. Kabla ya kunyonya gonga kwa vidole pale kikombe kitakapokaa, sauti ya debe tupu ikisikika, weka pembeni. Tandaza vikombe upate urefu wote wa paneli, visijikusanye katikati, na paneli zenye migongo zinataka raba zenye umbo la mgongo wake. Alafu mikanda ya usalama izungushwe kabla haijaondoka chini, unaitoa dakika ya mwisho paneli ikishakaa mahali pake. Mkanda unashika paneli nzima, haujali gundi.

Upepo gani ni wa kusimama? (Fomani, Mbale)

Soma kitabu chako, lakini mimi ukifika mita 10 kwa sekunde nasimamisha kazi, na kwa paneli kubwa nasimamisha mapema zaidi. Paneli ya sandwichi ya mita 6 kwa 1, unene wa milimita 100, ina kilo kama 75 tu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unaisukuma ubavuni kwa kama kilo 35, karibu nusu ya uzito wake, na upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Ni tanga la jahazi hilo mmelitundika kwenye kreni. Kamba za kuongozea mbili, moja kila ncha, na mshika kamba asijifunge kiunoni, hili nalisema kwa sababu nimemkuta mtu amefanya. Mbale mvua ya mchana inatanguliwa na upepo wa ghafla kutoka mlimani, wingu likianza kuwa jeusi upande wa Elgon malizia ulilo nalo, usianze lingine.

Betri ya lifta inakufa kila miezi michache. (Stoo, Mbarara)

Mnaiacha tupu wikendi. Betri ya asidi ikilala bila chaji inaharibika. Ichajiwe kila jioni ata kama imetumika saa moja, na uipime pampu ikiwa inazunguka, ikiwa imezimwa itakudanganya.

Nani anaruhusiwa kuikagua, au mimi fundi natosha? (Msimamizi, Kampala)

Ukaguzi wa asubuhi ni wako na opereta. Lakini vifaa vya kuinulia viko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayosimamiwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na ile idara yao ya usalama kazini ina wakaguzi. Lifta nayo ni kifaa cha kuinulia, kama mnyororo na kreni yenyewe, ipelekwe kwenye ukaguzi pamoja navyo. Weka daftari: tarehe, geji ilishuka kiasi gani kwenye jaribio la dakika 10, raba gani imebadilishwa. Mkaguzi akija utampa hilo daftari, na wewe mwenyewe ukisoma namba za miezi mitatu utaona pampu inachoka kabla haijakuaibisha.

Kijana anaweza kusimama juu ya paneli aiongoze ikipanda? (Namba ya Gulu)

Hapana. Mteremshe sasa hivi, alafu ndo unijibu kama ameshuka.